Maharage yamekunja majani: soma dalili kabla hujajaza bomba

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, mama mmoja wa Ngaramtoni aliniita shambani kwake. Alikuwa ameshapiga dawa mara tatu ndani ya siku kumi na mbili. Tulipomaliza kuamkiana alinishika mkono, akanipeleka moja kwa moja hadi katikati ya mistari. "Mwanangu, hii dawa niliyouziwa ni maji. Hebu ona."

Niligeuza jani la kwanza, la pili, hadi la kumi. Hapakuwa na kidukari, yule mdudu mdogo anayenyonya utomvu wa majani, hata mmoja. Dawa haikuwa maji. Ilikuwa imeua ilichotakiwa kuua. Lakini majani yalikuwa yamejikunja kuelekea chini kama kijiko kilichofudikizwa, kijani kilichokolea kimekaa kando ya mishipa, na katikati pamepauka. Mashina mengine yalikuwa nusu ya kimo cha majirani zake. Nikamuuliza mbegu aliipata wapi. Alikuwa amenunua debe moja la maharage ya kula, rozikoko, pale soko la Kilombero, akapeta, akachagua kwenye ungo punje kubwa zinazong'aa, ndizo akapanda.

Ugonjwa ulikuwa umeingia shambani pamoja na zile punje nzuri. Hakuna dawa ya dukani ambayo ingeutoa, na fedha ya mara tatu ilikuwa imeshakwenda. Hili linaniuma kila msimu kwa sababu naliona Arumeru, naliona Hai, naliona hadi Kibosho: mtu anaona jani limekunjamana, anakimbilia bomba. Virusi vya maharage havipigiwi dawa. Kinachopigiwa dawa ni mdudu, na mara nyingi mdudu huyo ameshafanya kazi yake na kuondoka kabla hujafika.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa yoyote, jibu maswali matatu. Dalili zilianza lini, mmea ukiwa na majani mangapi? Zilianzia wapi, pembeni au kila mahali? Na ziko kwenye majani machanga ya juu au makuukuu ya chini? Ukiwa na majibu hayo, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Batobato imeonekana mapema, mashina yametawanyika shamba zima

Batobato ni ule ugonjwa wa virusi unaotia majani mabaka, na hiki ndicho kisa cha mama wa Ngaramtoni. Jani la kwanza lenye vijani vitatu linatoka likiwa tayari lina mabaka, wiki mbili au tatu baada ya kupanda. Shina linaloumwa limekaa peke yake, pembeni yake kuna mazima matano, halafu jingine linaumwa. Hakuna mpangilio, ni kama mtu amerusha mawe gizani.

Chanzo ni mbegu. Virusi vya batobato ya maharage hukaa ndani ya kiini cha punje chenyewe. Ndiyo maana dawa ya kupaka mbegu haivigusi, kuanika juani hakuviui, na kuchagua kwenye ungo hakuvitoi. Punje yenye virusi inaweza kuwa kubwa, nzito na yenye rangi nzuri kuliko jirani yake. Mbegu huchaguliwa shambani mmea ukiwa bado wa kijani. Kwenye ungo unachagua chakula tu.

La kufanya sasa hivi: ng'oa. Pita shamba mara moja kwa wiki tangu jani la kwanza lenye vijani vitatu mpaka maua yanapoanza, ung'oe kila shina lenye batobato. Beba kiroba, tia shina humo papo hapo na ufunge mdomo. Ukiliacha kwenye mfereji wa mstari, linanyauka, na vidukari waliokuwa juu yake wanahama kwenda kwenye zima. Hapo umewasaidia kusafiri.

Wakulima wengi wanakataa kung'oa, na nawaelewa. Shina lina maua mawili matatu, moyo hautaki. Lakini shina lililoumwa tangu likiwa mche halitakupa maana: maganda machache, punje ndogo, na siku zote hizo linakuwa kisima ambacho kila kidukari anayepita anachota. Hesabu mistari mitano kabla ya kuanza. Ukikuta shina moja au mawili katika kila mashina ishirini, kung'oa kunalipa. Ukikuta nusu ya shamba inaumwa, kung'oa hakuna faida tena. Palilia vizuri, vuna unachopata, kula au uza kama chakula, wala usitunze hata punje moja kwa mbegu.

Kwa msimu unaokuja kuna njia tatu, na mimi nazipanga hivi. Ya kwanza ni kununua mbegu iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, au ile ya daraja la kuazimiwa ubora inayozalishwa na vikundi vya wakulima vilivyokaguliwa. TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Arusha, ndiyo iliyotuletea aina kama Selian 94 na Selian 97, na ukiwauliza watakuambia ipi inavumilia magonjwa ya ukanda wako. Mbegu hiyo ni ghali, najua. Nunua kilo chache tu, uipande peke yake kwenye kipande kizuri mbali na maharage mengine, uwe unaizalisha mwenyewe.

Ya pili ni kuchagua mashina. Kabla maharage hayajaanza kugeuka njano, pita na vitambaa vyekundu, funga kila shina lenye afya, lenye majani yaliyonyooka na maganda mengi. Hayo ndiyo ya mbegu. Yavune kwanza, yapigie pembeni. Kitu kimoja kinachosaidia ni kwamba shina lililoambukizwa baada ya maua kwa kawaida halipitishi virusi kwenye punje. La hatari ni lile lililoumwa likiwa dogo, na hilo utakuwa umeshaling'oa.

Ya tatu ni kuipima mbegu yenyewe. Hesabu punje mia moja, zipande kwenye tuta dogo karibu na nyumba, mbali na shamba lolote la maharage, mwezi mmoja kabla ya msimu. Subiri jani lenye vijani vitatu lifunguke vizuri. Miche mitano ikiwa na batobato katika mia, ujue shamba lako litaanza na wagonjwa watano katika kila mia, na kidukari ataongeza wengine juu yao. Kipimo hiki si kamili, maana kuna miche inayoumwa kimya bila kuonyesha jani, lakini kimewaokoa watu wengi ninaowafahamu wasipande debe zima la hasara.

Imeanzia pembeni, inasogea ndani

Shamba lilikuwa safi wiki tatu za kwanza. Kisha mashina ya mpakani, upande wa kihamba (shamba la migomba la nyumbani) au upande wa maharage ya jirani yaliyotangulia, yakaanza kuonyesha mabaka kwenye majani ya juu tu. Majani ya chini bado ni mazima. Wiki iliyofuata ugonjwa ukaingia mistari kumi ndani.

Hapa mbegu yako haina kosa. Vidukari wenye mabawa wameuleta kutoka nje, na namna wanavyoambukiza ni jambo la kulielewa vizuri, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini bomba linashindwa. Kidukari akitua kwenye jani hajui kama ni chakula chake. Anachoma kwa mdomo wake ulio kama sindano, anaonja, akiona sicho anaruka kwenda jani jingine na kuonja tena. Kuonja huko ni sekunde tu. Akionja jani lenye batobato, virusi vinabaki kwenye ncha ya mdomo; akionja la pili lililo zima, ameshaliambukiza. Baada ya saa chache, au baada ya kuchomachoma mara kadhaa, mdomo umesafika na hana tena cha kuambukiza. Sasa niambie ni dawa gani itamuua ndani ya sekunde hizo. Zipo hata dawa zinazomsumbua bila kumuua haraka, akawa anarukaruka na kuonja majani mengi zaidi ya ambayo angeonja akiwa ametulia.

Na si lazima awe kidukari wa maharage. Wa mahindi, wa kabichi, wa majani pori, wote wakipita njia wanaonja. Ndiyo maana unaweza kuwa na batobato nyingi na usione kidukari hata mmoja aliyeweka makazi.

Kinachosaidia ni kumpunguzia sababu ya kutua, na kumwondolea mahali pa kuchota. Kidukari mwenye mabawa huvutwa na mmea wa kijani uliozungukwa na udongo mtupu. Shamba lenye mapengo linamwita. Panda kwa nafasi iliyozoeleka, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mashina, uzibe mapengo mapema ili majani yakutane haraka. Matandazo ya nyasi kavu kati ya mistari yanasaidia kwa sababu hiyo hiyo. Kuchanganya na mahindi, desturi yetu ya siku zote, nako kunasaidia: kidukari anapotea njia, na mahindi yanamfuta mdomo kabla hajafika kwenye maharage.

Pandeni pamoja. Hili ni gumu kwa sababu linahitaji majirani. Shamba lililochelewa wiki tatu linapokea vidukari kutoka kwa wote waliotangulia, maharage yao yakiwa yameanza kukauka na wadudu wanatafuta pa kwenda. Huku Hai na Moshi Vijijini, ambako watu wa mifereji wanapanda kiangazi pia, maharage hayatoki shambani mwaka mzima, na virusi navyo havipati likizo. Kama mnaweza kukubaliana kwenye kikao cha mfereji kuacha hata mwezi mmoja bila maharage, fanyeni hivyo. Ng'oeni na maotea, yale yanayoota yenyewe baada ya mavuno. Watu huyaacha kwa ajili ya mboga, na ndiyo yanayovusha ugonjwa kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Vidukari wamejaa, ila majani hayana mabaka

Hii ni kinyume chake, na inatisha macho kuliko inavyotisha shamba. Weusi wamejazana kwenye ncha na mashina ya maua, sisimizi wanapanda na kushuka wakifuata ule utamu wanaoutoa, majani ya chini yananata, baadaye yanashika utando mweusi kama masizi. Majani yamekunjamana lakini rangi yake ni moja. Huenda hakuna virusi hapo. Mmea unanyonywa tu.

Hapa dawa ina maana, lakini anza na ndogo. Kwanza tazama kama kuna wadudu kibibi, wale wekundu wenye madoa meusi, au funza wao weusi wenye miguu mirefu kama vimamba vidogo. Wakiwa wengi, waachie kazi siku tatu nne. Wakiwa hawapo, maji ya sabuni chini ya majani, jioni, yanatosha kwa kipande kidogo.

Mmea wa utupa nao unafanya kazi, na huku kwetu haukosekani mipakani. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha wameujaribu kwenye maharage pamoja na alizeti pori na mimea mingine, kwa kipimo cha majani makavu yaliyosagwa kilo 1 kwa lita 10 za maji na sabuni kidogo ili yashike jani. Loweka usiku kucha, chuja vizuri kwa kitambaa, maana nozeli huziba. Ujue mambo mawili. Si kila utupa una nguvu. Kuna aina ambayo kwa macho ni ile ile lakini haina sumu inayoua wadudu, hivyo jaribu kwanza kwenye mstari mmoja. Na ule wenye nguvu ndio wazee walikuwa wakivulia samaki. Usioshee ndoo wala bomba mferejini, watu wa chini wanachota maji hayo.

Mmea ulikuwa mzima, sasa unakauka kuanzia juu

Hii ndiyo dalili inayowavuruga hata mabwana shamba. Mmea haukuwa na mabaka hata siku moja. Ghafla majani machanga ya juu yananyauka, mishipa midogo ya jani inakuwa ya kahawia kama wavu uliochorwa kwa kalamu, mmea unakufa ndani ya siku chache. Ukipasua shina kwa kisu, ndani kuna mstari mweusi au wa kahawia uliokolea unaoshuka hadi mizizini. Maganda yakiwepo yana michirizi ya rangi hiyo hiyo.

Wengi husema ni mnyauko wa udongoni, wanahamisha shamba. Nenda taratibu. Mnyauko wa fangasi kwa kawaida huanza kwa majani ya chini kuwa njano, na mmea hufa polepole. Unaoanzia kileleni na kuua haraka, hasa kwenye aina iliyosifiwa kwamba inazuia batobato, unaitwa mizizi myeusi.

Maelezo yake yanashangaza. Kuna jeni moja, yaani chembe ya urithi, wataalamu wanaiita I, ambayo imewekwa kwenye aina nyingi za maharage, hasa yale machanga ya kuuza nje yanayolimwa maeneo kama ya Usa River. Jeni hiyo inazuia virusi vya batobato vya kawaida vizuri sana. Lakini Afrika Mashariki tuna ndugu yake, virusi vya batobato vinavyokausha, na hivi vimeenea kwenye maharage yetu na kwenye mikunde ya porini. Vikiingia kwenye mmea wenye jeni I, mmea unajihami kwa nguvu mno hadi unaua tishu zake wenyewe. Unakufa kwa kujitetea.

Nilipata kuliona hili kwa macho yangu kwenye shamba la nusu ekari: upande mmoja maharage machanga ya mkataba, upande wa pili, hatua tano tu, maharage ya kienyeji ya mama mwenye shamba. Yale ya kienyeji yalikuwa na mabaka hafifu ambayo hakuyajali, maana yanazaa. Yale ya mkataba yalikuwa yanakufa, mengi zaidi katika mistari inayopakana. Alishatumia dawa mbili za fangasi. Mgonjwa alikuwa kwenye mistari ya kienyeji, anayekufa alikuwa jirani yake.

Dawa yake ni kutenganisha. Maharage yenye jeni hiyo yasipandwe karibu na ya kienyeji wala baada yake moja kwa moja. Ukiweza kupata aina iliyoongezewa jeni ya pili inayoitwa bc-3 pamoja na I, hapo ndipo penye kinga ya kweli. Muulize anayekuuzia mbegu, na akishindwa kujibu waulize Selian. Faraja iliyopo ni kwamba mmea uliokufa kwa mizizi myeusi haupeleki virusi kwenye mbegu.

Yanayofanana na virusi lakini siyo

Hapa usipite haraka, kwani nusu ya simu ninazopokea huishia hapa.

Majani mapya yamekuwa membamba, marefu, mishipa imesimama sambamba kama ya nyasi, na shamba zima au upande mzima umekuwa hivyo ndani ya siku chache? Uliza nani amepiga dawa ya magugu kwenye mahindi. 2,4-D inaua magugu ya majani mapana, na harage ni jani pana. Upepo wa mchana unaibeba kutoka kwa jirani, au imebaki ndani ya bomba lako mwenyewe. Angalia magugu ya mpakani: kama nayo yamejisokota, umepata jibu. Mmea ukiwa haukupata nyingi, majani yanayofuata hutoka mazuri. Virusi haviponi hivyo. Mimi nashauri bomba la magugu liwe lake peke yake, lenye alama ya rangi, na lisiazimwe.

Miche inakuwa njano na kunyauka wiki ya pili au ya tatu, shina limevimba na kupasuka usawa wa udongo? Bandua gamba hapo chini kwa ukucha. Ukikuta vifuko vidogo vya kahawia kama punje ya mchele iliyoungua, ni inzi wa maharage. Huyu, tofauti na virusi, anazuiwa kwa dawa ya kupaka mbegu, na miche iliyobaki unaisaidia kwa kuipandishia udongo ili itoe mizizi mipya juu ya jeraha.

Majani yana vumbi la shaba na utando mwembamba chini yake wakati wa jua kali: utitiri mwekundu. Majani ya chini yote njano sawasawa: njaa ya naitrojeni. Shina moja tu lenye jani nusu jeupe nusu kijani, mpaka umekatwa kama kwa wembe, na halisambai: ni hitilafu ya kuzaliwa, liache.

Kunde, ngwara na mbaazi

Kunde ina batobato yake inayoenezwa na vidukari, nayo hupita kwenye mbegu, kwa hiyo yote niliyosema juu ya kuchagua mashina yanaihusu. Kule chini kwenye joto, Kahe na Mabogini, tazama pia inzi weupe wanaoruka ukitikisa mmea. Nao wana virusi vyao vinavyotia kunde na maharage mabaka hafifu. Ngwara, kwa kuwa hukaa shambani miezi mingi baada ya mahindi kuvunwa, hulea vidukari weusi kiangazi kizima. Usipande maharage ya vuli yakigusana nayo. Mbaazi ikinyauka usitafute kidukari. Shida yake kubwa huku kwetu ni mnyauko wa fuzari, kuvu wa udongoni, na suluhisho ni aina inayouvumilia.

Ukibaki na shaka

Kwa macho huwezi kutofautisha virusi vyote, hata mimi siwezi. Makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yako hapa hapa Ngaramtoni, na Selian haiko mbali. Chukua mashina matatu, moja lililoanza kuumwa juzi, moja lililoumwa sana na moja zima, pamoja na mizizi yake. Yafunge kwenye gazeti kavu. Ukiyatia kwenye mfuko wa plastiki yataoza kabla ya kufika. Chukua asubuhi, uyapeleke siku hiyo hiyo. Kwenye karatasi andika tarehe uliyopanda, mbegu ulikoitoa, siku uliyoona dalili ya kwanza na upande wa shamba ilikoanzia, dawa zote ulizopiga, na kilichopandwa mpakani.